Mguu wa Kushoto wa Earlene

Kaka yangu Thurman Gaddis alimiliki gari moja tu maishani ambalo alilihesabu kuwa gari. Mengine yaliyopita nyumbani kwake, na yalikuwa mengi, aliyaita vyombo vya kwendea dukani. Hilo moja ni Pontiac GTO ya mwaka 1968, ya kijani, silinda nane, gia nne za mkono. Alilichukua likiwa jipya, akiwa na miaka ishirini, mwaka wake wa pili kiwandani hapa hapa katika mji wa Pontiac, magari hayo yanakotengenezwa. Kazi yake ilikuwa kufunga milango kwenye magari yaliyokuwa yanaundwa. Alipenda kudai kwamba milango ya gari lile aliifunga kwa mikono yake, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumbishia, tukamwachia.

Mtaani kwetu GTO zote ziliitwa mbuzi, kwa kuwa herufi zile zinakaribia neno la Kiingereza la mnyama huyo, lakini ukisema Mbuzi bila kuongeza neno, watu walijua unamsema wa Thurman. Majira ya baridi hakutolewa nje, kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji, ambayo hula bati la gari. Majira ya joto alioshwa kila Jumamosi kwa fulana kuukuu za pamba, si kwa kitambaa kingine chochote. Nimemwona kaka yangu akilala chali chini ya gari lile akiwa na homa. Nimemwona akisimama katikati ya mahubiri na kutoka nje, kwa sababu alisikia mbuzi mwingine akipita na silinda moja haichomi vizuri.

Earlene, mkewe, alikuwa akiwaambia wateja wake saluni kwamba yeye aliolewa mke wa pili. "Bi mkubwa yuko gereji," alisema. "Mimi napika, yeye anapakwa mafuta." Walicheka wote, na Thurman alicheka zaidi yao. Earlene alisuka na kunyoosha nywele za nusu ya wanawake wa mji huu kwa miaka thelathini na tatu, na sikumbuki kama aliwahi kuomba kushika usukani wa Mbuzi. Alikaa upande wake wa kulia, maana huku kwetu dereva hukaa kushoto, mkoba mapajani, kitambaa kichwani, na walikwenda alikotaka Thurman.

Mwaka ule Thurman alipotimiza sitini na saba, mwezi wa Septemba, alikanyaga skrubu gerejini akiwa na kandambili. Kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za nyayo, kwa hiyo hakujua mpaka Earlene alipoona damu kwenye soksi. Kidonda hakikukubali kupona. Kufika Novemba madaktari walikata mguu juu ya goti.

Nilikwenda kumwona hospitali siku ya pili. Alikuwa amelala akitazama dari.

"Wendell," akaniambia, "ni wa kushoto, sivyo?"

Nilidhani dawa zimempoteza akili, maana shuka ilionyesha wazi ni upi. Kisha nikaelewa. Wa kushoto ndio unaokanyaga klachi.

Alirudi nyumbani na kiti cha magurudumu, akakiweka mahali ambapo gereji ilikuwa nyuma yake, haionekani dirishani. Mguu wa bandia alipewa, akajifunza kwenda nao mpaka barazani na kurudi, lakini daktari alimkataza kukanyagia klachi, na yeye mwenyewe alijaribu mara moja gari likiwa limezimwa akaona mguu ule haumwambii kitu. Nilimshauri tumwekee Mbuzi gia za otomatiki.

"Halafu nimwiteje?" akauliza. "Ng'ombe?"

"Kaka, wengi wamefanya hivyo."

"Wafanye. Mimi nimemwendesha miaka arobaini na saba, Wendell. Inatosha. Wapo ambao hata mwaka hawakupata." Akaongeza sauti ya televisheni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Aprili, theluji ilipoisha, Earlene alikuja kwangu asubuhi. Mimi nilikuwa mpeleka barua kabla ya kustaafu, na huamka mapema hata pasipo na sababu. Alinikuta jikoni. Hakukaa.

"Shemeji, ile pikapu yako ni ya gia za mkono?"

"Ndiyo. Unahamisha nini?"

"Sihamishi kitu. Nataka unifundishe."

Nilimtazama. Mwanamke wa miaka sitini na tano, mfupi hata akisimama kwenye ngazi ya kanisa, ambaye maisha yake yote ameendesha magari yanayojibadilishia gia yenyewe.

"Thurman anajua?"

"Angekuwa anajua ningekuja kwako?" Akavua glavu, akazikunja. "Anaposinzia mchana kwenye kochi, Wendell, paja lile linashuka. Lile la mguu uliokatwa. Linashuka, na mkono wa kulia unasogea hivi, kisha paja linapanda. Anabadilisha gia usingizini. Mimi nakaa pale na bakuli la maharagwe ninayochambua, namtazama mpaka anafika anakokwenda."

Nikachukua funguo.

Tulijifunzia kwenye maegesho ya duka kubwa lililofungwa zamani, majani yakiota kwenye nyufa za lami. Pikapu yangu ni Ford, ya kampuni pinzani, na Thurman hajawahi kunisamehe kwa hilo. Siku ya kwanza Earlene aliizima mara kumi na tisa. Ya pili ikapungua. Alikuwa na tabia ya kuliomba gari msamaha kila linaporuka. "Pole mama," aliliambia, "pole, nimekuumiza." Nilimwambia asiliombe msamaha, asikilize injini. Akanijibu kwamba amesikiliza injini tangu mwaka sabini na mbili, chakula cha jioni kikipoa, na anajua ikilia inataka nini. Tatizo ni mguu.

Baada ya wiki tatu mguu ukajua. Aliachia klachi polepole kama mtu anayemlaza mtoto kitandani, na pikapu ikaondoka bila kutikisika. Kilichotushinda ni mkono. Miaka ile yote ya kuinua vichwa vya watu na kushika kitana cha moto ilikuwa imemharibu bega la kulia. Gia ya kwanza na ya pili aliziingiza kwa uchungu, ya tatu alishindwa kuisukuma. Na pikapu yangu ni laini. Mkono wa gia wa Mbuzi unataka nguvu na uamuzi.

Siku hiyo alizima injini katikati ya maegesho, akaweka mikono mapajani.

"Turudi, shemeji," akasema. "Nimejidanganya vya kutosha."

Nilimrudisha, na nilidhani mambo yameishia hapo. Yaliyofuata nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Jioni ile Earlene alikaa kwenye kochi akijipaka dawa ya kuchua misuli. Alijipaka begani, Thurman hakushangaa, bega lile alilizoea. Kisha akapandisha gauni, akaanza kuchua paja.

Thurman akapunguza sauti ya televisheni.

"Mguu gani huo unaouma?"

"Huu."

"Wa kushoto."

"Ndiyo, wa kushoto. Una nini?"

"Wa kulia hauumi?"

"Thurman, niache."

"Mtu akipanda ngazi inauma yote miwili. Akitembea, yote miwili. Kuna kazi moja tu duniani inayoumiza wa kushoto peke yake." Akageuza kiti kumwelekea. "Nani anakufundisha?"

"Wendell."

"Wendell aliyeunguza klachi mbili za baba kabla hajamaliza shule?"

"Ana subira."

"Na kwenye ile Ford?"

"Kwenye ile Ford."

Earlene anasema alitegemea acheke au akasirike. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisogeza kiti mpaka goti lake likagusa la mkewe, akachukua chupa ya dawa mkononi mwake, na akalichua paja lile yeye mwenyewe, kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Umekwama wapi?"

"Mkono. Bega linakataa. Mguu uko sawa, mkono hautaki."

"Mimi mkono ninao," akasema Thurman.

Kesho yake alinipigia simu nije na pampu ya matairi. Nilimkuta gerejini, mara ya kwanza tangu siku ile aliyojaribu klachi, amesimama ameegemea Mbuzi upande wa abiria. Nilisaidia kuwasha; betri ilikuwa imekufa, na kabureta lilikohoa kama mzee aliyeamshwa, kisha injini ikashika na vibao vya bati vya ukutani vikaanza kutetemeka. Thurman alifumba macho. Mimi nilijifanya nakunja waya za betri.

Earlene alitoka na mto wa kiti cha kanisani, akauweka kwenye kiti cha dereva, akapanda. Kiti kilisogezwa mbele mpaka mwisho. Thurman akaingia upande wa pili, akavuta mguu wa bandia kwa mikono kama anayeingiza mzigo, akaweka kiganja cha kushoto juu ya mkono wa gia.

"Wewe kanyaga, mimi nitaingiza," akasema. "Ukikanyaga sema."

"Nimekanyaga."

"Ya kwanza hiyo. Achia, taratibu."

Mbuzi aliruka, akagonga ndoo, akazima.

"Pole, mama," Earlene akaliambia gari.

"Ni mbuzi dume," Thurman akasema. "Washa tena."

Mwezi wa Mei wote walizunguka mtaa wetu. Majirani walizoea sauti zao kupitia madirisha yaliyo wazi. "Nimekanyaga." "Ya pili." "Nimekanyaga." "Ya tatu. Usiogope, mwongeze mafuta." Waligombana kwenye kilima cha kanisa, ambapo Mbuzi alirudi nyuma hatua tatu mbele ya gari la mchungaji. Thurman alikuwa na kazi yake pia, maana hakuwahi kuingiza gia kwa mkono wa kushoto, na mara mbili alitafuta ya pili akapata ya nne. Earlene hakumwacha. "Miaka arobaini na saba," alimwambia, "na bado hujui ilipo?"

Juni walinyeshewa na mvua wakitoka kwa daktari. Earlene anasema walikuwa kwenye taa, waipa za kioo zikifanya kazi, Thurman alipoinama ghafla akatazama sakafuni.

"Maji yanadondoka huku."

"Ndiyo."

"Yananiingia kwenye kiatu. Kwenye mguu mzima."

"Yanadondoka tangu mwaka sabini na tatu, Thurman."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema labda ni mkoba wangu unavuja."

Taa iligeuka kijani na gari la nyuma likapiga honi, lakini hakuna aliyekanyaga wala kuingiza kitu. Thurman alikuwa akitazama matone yakitoka chini ya dashibodi, moja baada ya jingine. Alijua kila nati ya gari lile. Hilo hakulijua, kwa sababu hakuwahi kukaa pale. Alimwambia mkewe, "Nisamehe," na Earlene anasema hakuwa anazungumzia maji peke yake. Earlene akamwambia watu wanasubiri. Kisha akasema, "Nimekanyaga."

Wiki ile Thurman aliniita nimshikie tochi, akaziba tundu lile kwa mikono yake, amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gari huku mguu wa bandia umesimamishwa ukutani. Nilimkumbusha kwamba Earlene hakai tena upande ule. "Najua," akasema. "Shika tochi vizuri."

Agosti ikaja na Jumamosi ile ambayo barabara ya Woodward hujaa magari ya zamani kutoka kwetu mpaka karibu na Detroit. Thurman hakuwa ameikosa hata moja. Nilidhani mwaka huu wataketi pembeni kwenye viti vya kukunja kama wazee wengine. Earlene aliamka alfajiri, akatengeneza nywele zake, akavaa viatu vya raba vyenye soli nyembamba ili auhisi mkanyagio vizuri, na saa tatu asubuhi Mbuzi alikuwa barabarani, mimi nikifuata nyuma na pikapu.

Kulikuwa na joto na mwendo wa konokono, ya kwanza, ya pili, simama, ya kwanza tena, jambo linaloumiza hata mguu wa kijana. Niliona kupitia kioo cha nyuma vichwa vyao viwili, na kilichonishangaza ni kwamba havikugeukiana tena. Hawakuambizana. Bega la Earlene lilishuka kidogo na mkono wa Thurman ukaenda. Kwenye makutano ya Birmingham, mji mdogo wa njiani, wanaume wawili waliofanya naye kazi kiwandani walisimama kutoka vitini mwao.

"Gaddis," mmoja akaita, "siku hizi unaendeshwa kama meya?"

"Kelele zako," Thurman akajibu. "Mimi hapa ni gia."

Taa ilipoanza kubadilika, Earlene aliwatazama wale wazee, akatazama mbele, na akaongeza mafuta kuliko alivyofundishwa na yeyote kati yetu. Matairi yalipiga kelele, moshi kidogo ukabaki, na wale wanaume wakapiga makofi. Nilimwona kaka yangu akicheka kichwa kikiwa nyuma kabisa kwenye kiti, akipangusa macho kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukuondoka kwenye gia.

Walifika mbali kuliko nilivyotegemea kabla ya kugeuza. Tuliporudi Pontiac, jua lilikuwa bado juu. Kwenye taa ya njia ya nyumbani nilisimama karibu nao, madirisha wazi, nikiwa tayari kukata kushoto. Earlene akawasha kiashiria cha kulia, cha kaskazini.

"Nyumbani ni huku," Thurman akamwambia.

"Naijua nyumbani."

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Ziwa Orion. Kuna mahali wanakaanga samaki. Nimetaka kwenda huko tangu Denise hajazaliwa, na kila mara ulikuwa unapitia barabara nyingine ili usikie injini."

Denise ni binti yao, ana miaka arobaini na mmoja. Thurman alinitazama kupita kichwa cha mkewe, kana kwamba ningeweza kumsaidia. Niliinua mabega.

"Nimekanyaga," Earlene akasema.

Thurman akamwingizia ya kwanza. Niliwafuata kadiri nilivyoweza, lakini barabara ile ikishatoka mjini hunyooka, na pikapu yangu imezeeka. Nilimsikia Mbuzi akipanda, ya pili, ya tatu, kisha kukawa na utulivu mdogo, na ya nne ikaingia bila kosa. Nilipofika ziwani walikuwa wamekwisha kuagiza.