Mimea Arubaini ya Dorine

Kwa wiki tatu nzima Dorine Chepkosgei aliamka umande ukiwa bado mzito, akasali sala fupi, kisha akaingia kwenye mahindi yake na lenzi na daftari kabla ya kwenda kuchuma chai. Alikuwa na miaka arubaini na tisa. Jumanne na Alhamisi jioni alisomea udhibiti wa wadudu waharibifu chuoni kule Kapkatet, na Jumamosi kulikuwa na mazoezi ya vitendo. Sasa ilibaki ripoti ya shambani tu. Ikipita, angevaa joho mwezi wa Desemba. Isipopita, angengoja mahindi ya mwaka mwingine, maana huku kwao Mogogosiek mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka.

Viwavijeshi walikuwa wameingia. Nondo wao hutaga mayai kwenye majani, rundo dogo lililofunikwa kwa manyoya kama ukungu. Mayai mengi hutoa viwavi. Lakini mengine hugeuka meusi, kwa sababu nyigu mdogo kuliko punje ya wimbi ametaga mayai yake humo ndani, na siku zikitimia anatoka nyigu, si kiwavi. Dorine alitaka kujua nyigu hao wanamfanyia mkulima kazi kiasi gani. Alitafuta mimea arubaini yenye mayai, akaifunga uzi mwekundu wa kufumia sweta, akawa anahesabu kila asubuhi. Hesabu ya mwisho ilikuwa ifanyike Jumatatu ijayo, na bila hiyo ripoti haingekamilika.

Majirani hakuwaambia kitu. Aliona haya. Mama mzima kupiga magoti akichungulia majani!

Jumamosi hiyo alirudi kutoka mazoezini alasiri, akasikia nyimbo za kanisa kutoka shambani kwake. Akina mama wa kokwet, yaani ujirani wao wa kusaidiana kazi, walikuwa wakinawa matope kwenye mtungi wa maji. Mbele yao alikuwa Chepngetich, jirani wa ng'ambo ya kijito, gauni amelikunja hadi magotini.

"Mama Jonah, chamgei! Tumekumalizia!" alimpigia kelele Dorine, akimsalimu kwa jina la mwanawe. "Wewe na hizo shule zako, tukasema huyu mama atapoteza mahindi yote. Si uliweka alama kwa ile migonjwa? Tumeng'oa yote. Hata mmoja hatukubakisha."

Dorine alitazama shamba. Pengo hapa, pengo pale, kama mdomo wa mtoto wa miaka saba.

Alielewa papo hapo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwaka ule ugonjwa wa mahindi ulipokausha mashamba ya Bomet, afisa wa kilimo alipita nyumba kwa nyumba akiwafundisha: funga alama kwenye mmea mgonjwa, ung'oe, uuondoe shambani. Walishika somo lile kama amri za Musa. Leo walilifuata bila kukosea hata hatua moja.

"Iko wapi?" aliuliza polepole.

"Nini?"

"Ile mimea."

"Mathew ameikatia ng'ombe. Kwani ulitaka ioze?"

Nyuma ya nyumba mume wake alisimama na panga, ng'ombe wawili wakitafuna. "Nilidhani wewe ndiye uliwaita," Mathew alisema alipoona uso wake.

Dorine aliingiza mikono horini, akapekua. Alipata vipande vitatu vya majani vyenye mayai meusi, vimelowa mate ya ng'ombe. Neno baya lilimfika ulimini. *Bwana, weka mlinzi kinywani pangu.* Watu waliokufanyia kazi bure huwezi kuwafokea. Alinawa, akawasha moto, akawapikia chai ya maziwa, akashukuru kwa "kongoi" mara saba kwa vikombe saba. Kila kongoi ilimkwaruza.

Walipoondoka alimpigia simu mwalimu wake, Eliakim Owiti.

"Pole sana, mama," Owiti alisema. "Lakini vipande vitatu si mimea arubaini. Siwezi kuandika nisichokiona."

"Hata mimi siwezi, mwalimu."

"Basi ni mwaka ujao."

Siku iliyofuata kanisani, wakati wa ushuhuda, Chepngetich alisimama. Alieleza jinsi Mungu alivyowatumia kuokoa shamba la dada yao. Watu wakapiga makofi. "Mama Jonah, simama useme mwenyewe!"

Dorine alisimama, akishikilia benchi la mbele. Alikuwa amejiandaa kusema asante tena. Haikutoka.

"Ile mimea haikuwa migonjwa," alisema. "Ilikuwa mtihani wangu. Mmenipenda, najua. Lakini nimepoteza mwaka mzima, na usiku sikulala kwa hasira. Mniombee, kwa sababu hata sasa ninayo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alikohoa, akaanzisha wimbo.

Nje, Chepngetich alimfuata nyuma ya choo cha kanisa, macho mekundu. "Umeniaibisha. Ungetuambia, nani angegusa?"

"Ningewaambia. Niliogopa mtanicheka."

"Tungecheka, ndiyo! Halafu tungeacha mahindi yako." Akapangusa pua. "Hata mimi ninao hao wadudu. Kuja uhesabu kwangu."

Dorine hakungoja kuambiwa mara ya pili. Walivuka kijito na viatu vya Jumapili mkononi. Alichungulia mstari mmoja, wa pili, wa tano. Hakuona yai jeusi hata moja, wala nyigu, wala buibui.

"Ulipulizia dawa?"

"Mara mbili. Ijumaa ilikuwa ya mwisho."

Dorine alifungua moyo wa mmea mmoja. Chini ya kinyesi kilichofanana na unga wa msumeno, kiwavi mnene alijikunja, mzima kabisa.

"Shetani!" Chepngetich alishtuka. "Na ile dawa yote?"

"Dawa haikumfikia huko ndani. Imewapata waliokuwa nje, wale wa kukusaidia."

"Sasa nifanye nini?"

Dorine alitaka kwenda nyumbani kulia. Shamba hili halingempa ripoti, na Desemba wenzake wangevaa majoho bila yeye. Alikunja mikono ya gauni.

"Leo ni kwa vidole tu. Shika mstari ule, mimi huu. Ukimpata, mponde."

"Siku ya Bwana?"

"Kiwavi naye hangoji Jumatatu," Dorine alijibu kwa ukali, akainamia mmea wa pili.