Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Kwa miaka thelathini ya kushona nguo za watu, Bi Sentimita hakuwahi kukadiria kitu kwa macho. Wateja ndio waliompa jina hilo, naye hakulikataa. Basi figo zake zilipoanza kuchoka na kliniki ikampa karatasi ya chakula, aliifuata kama vipimo vya koti la bwana harusi. Chumvi hapana, ndizi hapana, maharage hapana. Viazi vilowekwe kwanza, tena vichemshwe mara mbili, kila mara kwa maji mapya. Maji ya kunywa, vikombe vitano kwa siku. Kikombe chake cha bati alikifunga uzi mwekundu kwenye kishikio, mtu asije akakichanganya na vingine.

Daktari alimruhusu avuke mpaka kwa siku kumi akamwone mjukuu wake wa kwanza. "Lakini ukirudi tunapima damu," akamwambia. "Ukiteleza kwenye chakula, mama, tunakuweka kwenye mashine ya kusafisha damu." Mashine hiyo Bi Sentimita aliijua. Jirani yake alikuwa anaunganishwa nayo mara tatu kila wiki, na safari za mbali kwake zilikuwa zimekwisha. Mara tatu kwa wiki, na mjukuu yuko nchi nyingine!

Kosa lake lilikuwa moja tu: hakumwambia mtu, hata binti yake. Aliogopa wakwe wasije wakasema wameoa kwenye ukoo wa wagonjwa.

Mama mkwe wa binti huyo tumwite Bi Karibu, maana neno hilo halikumkauka mdomoni. Siku ya kwanza alipanga mabakuli mezani mpaka kitambaa kikafichika. Bi Sentimita alipoonja ncha ya kijiko, chumvi ikamuuma ulimi.

"Karibu, mkwe wangu! Mbona unaangalia tu?"

"Asante, mkwe. Ila... nimefunga." Alishangaa mwenyewe neno lilikotoka. "Nadhiri ya mjukuu. Siku tatu. Jioni nitafungulia wali mweupe, basi."

Na baada ya siku tatu? Hilo, mpima kila kitu yule hakulipima.

Bi Karibu akafunika mabakuli moja baada ya jingine. "Mgeni wangu afunge peke yake ndani ya nyumba yangu? Haiwezekani. Na mimi nimefunga."

Ikawa hivyo. Mchana Bi Sentimita alijifungia chumbani, akala wali baridi na ute wa yai kutoka kwenye kopo alilolificha chini ya kanga, akitafuna polepole asisikike. Aibu ilimkaba kuliko wali wenyewe. Sebuleni mwenzake alikuwa na njaa kwa ajili yake.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya pili, saa tisa alasiri, walikuwa wanakunja nguo za mtoto. Bi Karibu alikunja soksi moja mara tatu, kisha akaanza kuikunja tena. Jasho lilimtiririka, mikono ikitetemeka. "Mkwe," alisema kwa ulimi mzito, "nani amezima taa?" Taa haikuwa imewashwa. Mwili ukamlegea kitini, na kutoka pindo la kanga yake kikadondoka kifaa kidogo cha kupimia sukari ya damu.

Bi Sentimita hakukaa bure kwenye mabenchi ya kliniki. Wagonjwa wa kisukari alikuwa amewasikia sana.

"Mwanangu! Sukari imemshuka! Lete maji na sukari, haraka!"

Yeye na binti yake walimnywesha kidogo kidogo. Baada ya robo saa Bi Karibu alikuwa amekaa sawasawa, anaona haya.

"Una kisukari, umemeza dawa, halafu unafunga?" Bi Sentimita alifoka, kwa hofu zaidi kuliko hasira. "Nani alikutuma?"

"Wewe!"

Hakukuwa na pa kukimbilia. "Mimi sikufunga," Bi Sentimita alisema. Machozi yakamtoka. "Nina ugonjwa wa figo. Nimekula chumbani kila mchana. Nisamehe, mkwe wangu, nusura nikuue."

"Mama!" binti yake akashika kichwa. "Hata mimi ulinificha?"

Bi Karibu alikunja uso. "Yaani mimi nashinda na njaa, wewe unatafuna?" Kisha mabega yakaanza kumcheza, kicheko kikampasuka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kimetukosa kidogo! Mimi nilikuficha wewe nisije nikaonekana mkwe mbovu. Haya, lete karatasi yako ya chakula, na mimi nilete yangu."

Walizitandaza karatasi mbili mezani. Bi Karibu akafuata mistari kwa kidole. "Yako imekataza hiki, yangu kile. Tukizijumlisha, mkwe, tutakula kabichi na hewa."

Walikula kabichi, na vitu vingine kadhaa walivyovipata kwa kubishana, vyote bila chumvi. Siku nane zilizobaki hakuna aliyejifungia chumbani.

Aliporudi, alipitia kliniki kwanza. Damu ilipopimwa, figo zilikuwa pale pale, hazikushuka hata chembe. "Mashine ingoje," daktari akasema. Bi Sentimita alipofika nyumbani na kufungua sanduku, kikombe hakikuwemo. Akampigia binti yake simu, roho juu.

"Kipo huku, mama. Mkwe wako amekitundika kabatini. Jana jirani alitaka kukinywea chai, akanyang'anywa. Ameambiwa kina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani."