Kola Iliyoungua

Mama mkwe wangu alipiga pasi kwenye duka la dobi miaka thelathini, na ingawa amestaafu, hawezi kuona nguo imekunjamana akanyamaza. Kusoma hadithi hapendi. Kusomewa, ndiyo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijaenda dukani kuuza miwani, yeye anapiga pasi na mimi namsomea nilichoandika. Hasemi kizuri wala kibaya. Mimi naitazama pasi. Hadithi ikimchosha, pasi inakwenda mbio. Ikimnogea, inapunguza mwendo. Siku nilipomuua yule mlevi katika hadithi yangu ya kwanza, pasi ilisimama hewani kabisa, nikajua hapo nimepatia.

Hadithi ya safari hii ilimhusu mwanamke anayeuza nyumba ya marehemu dada yake, na ilikuwa imekataliwa mara kumi na moja. Kumi na moja! Wahariri wengine walinijibu mstari mmoja, wengine hawakujibu kabisa, na mmoja alinitakia mafanikio katika ushairi. Likabaki jarida moja tu, linalopokea hadithi mara moja kwa mwaka, na mwisho wa kupokea ulikuwa siku ninayoisimulia hapa, saa sita mchana. Nilikuwa nimejiapia kwamba nalo likikataa, naitia hadithi sandukuni na habari yake inaishia hapo.

Tatizo lilikuwa ukurasa wa nne. Mvua inanyesha juu ya paa la nyumba ile, ukurasa mzima, tone kwa tone. Niliuandika na kuuandika upya kwa miaka miwili, na niliupenda kama mboni ya jicho langu. Lakini kila nikifika hapo, pasi ilikimbia kama ya wizi.

"Mama, hapa pana uzuri wake," nilimwambia siku moja.

"Sijakataa, mwanangu. Wewe soma, mimi nimalize mashuka."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeomba ruhusa dukani, nikasoma harakaharaka, jicho moja kwenye karatasi, jingine kwenye saa. Mwanamke wangu akafungua kabati, akakuta viatu vya dada yake bado vina tope. Kisha nikasikia harufu.

"Mama! Shati!"

Pasi ilikuwa imetulia juu ya kola ya shati jeupe la mume wangu, shati la mkutano wake wa saa nane. Mama akaiinua taratibu, akaikodolea macho ile alama ya kahawia. Miaka thelathini hakuwahi kuunguza hata leso.

"Endelea," akasema. "Akavifanyaje hivyo viatu?"

Nikarudi kwenye karatasi, ndipo nikaona nimeshika ukurasa wa tano. Nilikuwa nimetoka wa tatu nikaingia wa tano, na hakuna aliyeiulizia mvua, hata mimi mwenyewe.

Mume wangu akatoka bafuni na taulo kiunoni. Nikamvaa kabla hajaliona shati.

"Ukurasa wangu wa nne uko wapi?"

Akaenda kupekua suruali ya jana, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nilikosa pa kuandika namba ya fundi bomba. Si una karatasi kibao, mke wangu?"

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa amenisaidia bila kujua. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaufuta ukurasa wa nne huku roho ikiniuma, nikatuma zikiwa zimebaki dakika nane. Yeye akaenda mkutanoni na shati la bluu lisilo na kifungo cha mwisho, amelichomekea vizuri.

Wiki sita baadaye nilikuwa dukani namjaribishia mteja miwani, barua pepe ikaingia kwenye simu. Wameikubali. Nikamkumbatia yule mama wa watu, miwani ikaenda upande.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu na pasi yake. Nikamsomea barua yote. Mhariri aliandika kwamba alianza kuisoma hadithi akiwa na kikombe mkononi, na alipomaliza, chai ilikuwa imepoa.

Pasi ikasimama.

"Chai tu?" mama akasema. "Mwambie mimi nimeunguza shati."