Vidole vya Karani Kwenye Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Hajazaliwa mtunzi wa kumpa Mwinjuma usingizi, wala wa kumfichia muuaji mpaka mwisho. Hayo anayasema mwenyewe, barazani kwa shangazi yake Mwantumu, fundi cherehani, akiwa amejinyoosha mkekani, kitabu kifuani, tumbo limejaa wali wa Jumapili. Kitabu ni Kikombe Kisicho na Mkono, cha yule mtunzi anayegombewa mtaa mzima, na hapa pana nakala moja kwa wasomaji saba. Kwa hiyo shangazi ameishona sura ya mwisho kwa uzi mwekundu, na sheria yake haina mjadala: usome mpaka kwenye uzi, umtaje muuaji na ulivyomjua, ndipo afumue umalizie, kisha amshonee anayefuata. Wa kwanza kupatia ndiye atakayekifungua kitabu kipya cha mtunzi huyo, kilicholala kabatini na harufu ya duka. Wanne wameshakosa. Leo ni zamu ya Mwinjuma, mwisho adhana ya alasiri, na baada yake ni Siwema, binti wa shangazi, aliyeketi kizingitini akimenya machungwa.

Unaruka kurasa wewe, anasema Siwema. Naruka mapambo, anajibu Mwinjuma. Pua ya fulani, koti la fulani, hayo ni ya kujazia kitabu, mimi nafuata damu. Shangazi anacheka, cherehani inakwenda tiki tiki tiki, mistari ya ukurasa wa thelathini na nane inaanza kutembea, na Mwinjuma anatembea nayo, kwa kuwa mstari aliokuwa akiusoma umekuwa barabara, na barabara ikifika ukingoni inarudi mwanzo, chini kidogo, naye anaanza upya, kwenda kulia, kwenda kulia, haiishi wala haimchoshi. Kando pana mji, na mji unatazamana na mji mwenzake kama kwenye kioo, duka kwa duka, dirisha kwa dirisha, na wapita njia wote hawana nyuso, laini kama mayai. Mmoja amevaa kofia ya udereva. Shikamoo, anasema Mwinjuma, wewe ndiye muuaji, nimekujua tangu sura ya pili. Marahaba, anajibu dereva bila mdomo, umenijuaje na hujaniona? Kwani uso wako uko wapi? Ninao, tena mzuri, uko pale uliponipita mbio. Mwinjuma anamgeukia mjane wa marehemu. Mama, nani alimpelekea mzee kahawa yenye sumu? Mjane anainua kikombe kisicho na mkono, kinafuka moshi. Aliyekibeba, anasema, alikiacha mezani na bado anacho. Mwinjuma anacheka, hajaelewa kitu, na barabara inazidi kurudi mwanzo. Ndipo sauti inashuka kutoka juu ya mapaa, sauti ya mtu anayesoma polepole huku anatafuna, na kila inachokitaja kinaota. Inasema dereva ana mwanya, na mwanya unatokea, dereva anaanza kucheka ovyo kwa furaha ya kuwa na meno. Inasema mjane ana kidoti shavuni, naye anakimbilia mji wa pili kujitazama. Nyuso zinawaka moja moja, watu wanatambuana, wanakumbatiana, na Mwinjuma anawapa mikono kama mgeni wa harusi, hakujua kitabu kina watu wengi hivi. Mwisho sauti inamfikia karani wa marehemu, mpole, masharubu membamba, vidole vitatu vya kulia vimefungwa kitambaa, eti ameunguzwa na pasi. Mwinjuma anavitazama vidole, anakitazama kikombe kinachofuka, na karani anaficha mkono nyuma, anatimka, mstari kwa mstari, mpaka kwenye kamba nyekundu iliyofunga njia, na Mwinjuma anairukia kamba, anaikosa, anaketi wima mkekani.

Ni karani, shangazi. Kahawa ya moto, kikombe hakina pa kushika, vidole vimeungua. Cherehani inasimama. Umepatia, mwanangu, anasema shangazi, na anafungua pindo la kanga, anatoa ufunguo, anautia kwenye kabati. Nilisema mimi, anasema Mwinjuma, hajazaliwa wa kunilaza.

Hivyo vidole viko ukurasa wa ngapi? Ni sauti ile ile, polepole, inatafuna. Mwinjuma anageuka. Kizingitini ameketi mtu asiye na uso, mahali pa uso pana kitabu kilichofunguliwa, na kifuani kwa Mwinjuma mwenyewe, kilipokuwa kitabu, pana ganda la chungwa. Anajifinya. Inauma, lakini haimtoi mashaka. Ni wa arobaini na mbili, kinasema kitabu. Wewe umeanza kukoroma kwenye wa thelathini na nane. Nikakichukua kabla hakijalowa mate, nikakusomea kwa sauti, angalau uzijue pua za watu.

Shangazi anauchomoa ufunguo. Mwinjuma anafuta shavu. Siwema, anasema, shusha kitabu kwanza nione kama una uso.

Niambie wewe, kinajibu kitabu, kidoti changu kiko shavu gani?

Na Mwinjuma, aliyekula naye sahani moja tangu utotoni, hakumbuki.