Majani Yaliyooshwa kwa Sabuni

Hivi kuna mtu mwenye akili zake anayeosha mmea kwa sabuni? Lydie alisimama mlangoni mwa nyumba yake ya mtaa wa Saio, bidon ya maji ingali kichwani, akakosa hata pa kuanzia kugomba. Drosera zake, zile alizokimbia nazo kutoka Epulu ndani ya beseni huku godoro zima akiliacha, zilikuwa dirishani katika sahani zao, zinang'aa kama vyombo vya harusi. Basi, zimekwisha.

Drosera ni mmea unaokula wadudu. Majani yake yana matone yanayonata kama ulimbo. Nzi akitua hapo hatoki tena, analiwa polepole. Haitaki mbolea, haitaki maji ya kisima, inakunywa ya mvua peke yake. Sasa sabuni! Lydie alikuwa akitunza mimea kwenye kituo cha hifadhi cha Epulu kabla vita havijamfukuza, na mambo hayo alikuwa ameyaeleza nyumbani mpaka wakamwona kichaa.

Aliyefanya kazi hiyo alikuwa Domitille, mama aliyekimbia kutoka Djugu, ambaye Lydie alimpokea kwa moyo mweupe. Alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha na kitambaa chake, mbele yake sahani ya mwisho, ambayo majani yake yalikuwa bado meusi kwa nzi. Lydie akatua bidon, akainyakua sahani ile, akaikumbatia kifuani. Akasema yote. Kwamba huo ni ushenzi, kwamba mgeni hagusi asichokijua, kwamba kambi ya wakimbizi haijajaa, afunge virago vyake aende huko.

Domitille hakuinuka. Alikamua kitambaa.

"Batoto bangu balilala mu kiwanja, nzi juu yabo," alisema, "na bale baaskari balikatala mutu asibakaribie. Sikubaosha, Lydie. Hata uso. Sasa kila asubui mu nyumba yako naona weye uko unafurahia nzi."

Hasira haikumtoka Lydie, ilizidi, ila sasa ilikuwa imeachana na sabuni na kuwaendea wale wanaume wenye bunduki. Kumnyima mama kuosha maiti za watoto wake! Watu wa namna gani hao? Akawalaani kwa sauti, wao na waliowapa risasi.

Kisha akakaa chini, akaiweka sahani katikati yao. Mbegu nyingine hakuwa nayo, na njia ya kurudi Epulu ilikuwa imefungwa. Aliishika sahani kwa mikono miwili isitikisike.

"Anza na mukubwa," alisema.

Domitille akalowesha kitambaa, akashika jani lililo refu kuliko mengine, akaanza kuliosha taratibu, akimwita kwa jina la mtoto wake, Ushindi.