Redio ya Baba Haikioni Kisanduku

Mzee Anadinath Bhaduri alirudishwa kutoka hospitali mchana, akapandishwa ngazi za uani akiwa juu ya kiti, akalazwa kitandani mwake. Macho yalikwisha kufa siku nyingi, lakini vitu vyake alijua vilipo. Akapapasa meza ya kando mpaka mkono ukaigusa redio. Hakuomba chai, hakuomba mto. Alisema, "Latika, niwekee mama yako."

Latika, binti wa pekee aliyezaliwa katikati ya ndugu wawili wa kiume, mwalimu wa jiografia asiyeolewa na asiyeulizwa tena ataolewa lini, akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka. Kioo cha redio kikaandika kwamba mtandao upo, tena una nguvu tele. Halafu kikaandika kwamba maktaba ya nyimbo haionekani. Akazima, akawasha. Haionekani. Akamwambia baba yake kwamba chombo kimelala muda mrefu, kesho atakitazama. Huo ulikuwa uongo wa pili, na mzee hata shuka hajafunikwa vizuri.

Uongo wa kwanza ulisemwa pale mlangoni, mzee alipotaka akalishwe veranda ya juu kama kawaida yake. Latika alimjibu kwamba reli ya veranda imeoza, mtu akiiegemea ataangukia uani. Reli ilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwepo pale ni ukuta.

Loo, watu wazima wana akili ya ajabu. Prasanta na Nirupam walianza kununiana miaka mingi nyuma, kila mmoja na mkewe, na kilichowazuia kugawana nyumba ni baba yao, ambaye neno lake lilikuwa moja tu: nyumba hii ina chungu kimoja. Basi mzee alipoanguka na kupelekwa hospitali, wakaona ndiyo nafasi. Mwashi akaja na matofali mekundu, akapandisha ukuta kutoka ukumbi wa chini mpaka veranda ya juu, akaikata nyumba ya babu yao vipande viwili kama papai. Mkubwa, Prasanta, akachukua upande wa barabarani wenye ngazi kuu. Mdogo, Nirupam, akachukua upande wa uani pamoja na chumba cha mzee. Kwa mambo yote walibishana isipokuwa moja: Baba asijue. Daktari alisema moyo wake hautastahimili mshtuko. Na wa kumficha awe nani? Latika, bila shaka. Wenyewe walikuwa na kazi zao.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ulimi wa mzee ulijua mkono wa kila mpishi wa nyumba ile, na kama angekosa samaki wa haradali wa Shefali, mke wa Prasanta, angeuliza. Kwa hiyo kila siku Latika akitoka shuleni alipitia geti la uani, akazunguka kichochoro, akaingia geti la mbele, akapewa bakuli la samaki, akazunguka tena nalo limefunikwa kitambaa, akaliweka kando ya dengu za upande wa Nirupam ili sahani ionekane imetoka jiko moja. Muuza chai wa pale pembeni alimwona akipita, akamtania mbele ya wateja, "Dada Latika, samaki wenu siku hizi wanatembea kwa miguu?" Watu wakacheka. Latika akacheka nao, akafika nyumbani na hasira zake.

Yote hayo angeyaweza. Kilichomshinda ni redio.

Mzee alikuwa mrekodi sauti wa kituo cha redio. Siku za mapumziko alileta mashine nyumbani kuijaribu, na aliyemjaribia ni mkewe, Kanaklata, akikatakata mboga pale veranda huku akimwimbia Nirupam aliyekuwa mchanga. Kanaklata alikwisha kufa. Kanda zilipoanza kuliwa na ukungu, Prasanta, ambaye tangu utotoni ndiye aliyembebea baba yake nyaya, alizihamisha zote moja moja akazitia katika kisanduku chenye diski, akakiweka kabatini chini ya ngazi kuu. Kutoka kule nyimbo zilipaa hewani mpaka kwenye redio ya Baba. Jioni mzee alimsikiliza mkewe kwanza, ndipo akala. Ilikuwa hivyo miaka yote.

Sasa hakukuwa na Kanaklata, na mzee akaacha kula. Hakugoma wala hakulalamika. Alikuwa akifunga mdomo kijiko kikifika, anasema atakula mama yenu akija. Dawa zenyewe zilitakiwa zimezwe na chakula. Mashavu yakabonyea, na daktari alipokuja aliwaambia ndugu wale, kila mmoja kwa wakati wake kwa sababu hawakukaa chumba kimoja, kwamba mzee asipokula hatamaliza msimu.

Latika akajifunga kibwebwe na redio. Akachomoa, akachomeka. Akaisahaulisha kila kitu, akaifundisha upya nywila ya mtandao, ikaipokea kwa adabu na kusema ileile: maktaba haionekani. Akaenda upande wa Prasanta kukagua kisanduku. Shefali akafungua kabati kwa funguo zilizofungwa kwenye ncha ya sari yake, akasimama pale pale mlangoni kama askari mpaka mgeni amalize. Kisanduku kilikuwa kizima, kinanguruma taratibu. Simu ya Latika mkononi ikakiona, nyimbo zote zikajipanga. Akazunguka kichochoro macho kwenye simu. Kwa muuza chai, nyimbo zilikuwa zingali kwenye kioo. Alipovuka geti la uani zikatoweka. Na simu wala haikusema imekatika. Jina la mtandao lilikuwa lilelile, Bhaduri, mbele na nyuma.

Akarudi, akavuka tena. Zikaja, zikatoweka. Kisha akaangalia zile namba ndogo zinazoandikwa chini ya jina la mtandao, ambazo hakuna anayezisoma. Mbele zilikuwa namba nyingine, nyuma nyingine. Mtu anayefundisha ramani hahitaji kuambiwa mara mbili. Miji miwili ilikuwa imepewa jina moja, na barabara kati yake hakuna.

Akamfuata Nirupam. Nirupam akainamisha kichwa, akakiri kwamba ukuta ulipokamilika alivuta laini yake mwenyewe ya intaneti, akanunua ruta yake, akaipa jina lilelile na nywila ileile ya zamani. Alitaka redio ya mzee ijiunge yenyewe, mtu asilazimike kumweleza kitu. Alisema alifanya kwa wema, na kweli alimaanisha. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Redio ilikamata ruta ya Nirupam kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, kisanduku kikabaki kwenye ruta ya Prasanta, na hivyo viwili vikawa havijuani kama wenye nyumba wenyewe.

Kujua ugonjwa ni jambo moja, kupata dawa ni jingine. Latika aliomba ukuta utobolewe kitundu cha waya tu, chembamba kama kalamu. Prasanta akakataa: leo tundu, kesho mlango. Akaomba nyimbo zinakiliwe. Hapo Prasanta akakohoa, akatazama pembeni. Kazi ya kuziokoa kanda zile aliifanya peke yake, alisema, wakati Nirupam akimcheka kwamba anacheza na takataka.

"Nitampa zote," akasema. "Lakini aje aombe mwenyewe. Kwa mdomo wake."

Nirupam alipoletewa maneno hayo alisimama mezani, chakula hakijaisha.

"Niombe sauti ya mama yangu, Dada? Wimbo alioniimbia mimi? Ng'o."

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wahenga hawakumfikiria dada yao, ambaye jembe hana, shamba hana, na jioni lazima arudi mlemle ndani akamlishe baba asiyetaka kula. Alikuwa na hasira nao wote wawili kiasi cha kutaka kupiga yowe, na hakuweza kupiga, maana mzee angesikia. Hata kulia alilia na bomba la maji limefunguliwa.

Alifikiria kuiba ufunguo. Funguo zililala na sari ya Shefali. Alifikiria kumpeleka mzee upande wa Prasanta asikilize kule, akakumbuka kwamba njia ni kichochoro, na kwamba kipofu huhesabu kona.

Ndipo akakumbuka veranda. Ruta ya Prasanta aliiona juu ya kabati la vitabu, upande wa pili wa ukuta ule ule wa juu, na ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja. Akachukua waya mrefu wa umeme, akaitoa redio chumbani akimwambia baba anaipeleka ikapigwe upepo, akaiweka juu ya kigoda, mgongo wake ukigusa matofali. Akaiwasha. Ikafikiri kidogo. Kisha majina ya nyimbo yakaanza kushuka kiooni moja baada ya jingine, na Latika akaziba mdomo kwa kiganja kwa furaha iliyompanda.

Akafungua mlango wa chumba wote, akachagua.

Ilianza mvua, mvua ya zamani ikigonga mabati, kisha kisu cha mboga, kisha Kanaklata, sauti nyembamba isiyo na haraka, akimbembeleza mtoto alale kwa sababu mwizi wa mpunga amepita. Mzee alijinyoosha. Uso wake ukafunguka mpaka Latika akaona aibu kuutazama. Akauliza mwenyewe kilichopikwa ni nini. Akafungua mdomo. Akala samaki, akala wali, akasema haradali imekaa vizuri. Latika alikuwa akitoa miiba kwa vidole na kusema moyoni kwamba basi, imepatikana, kila jioni itakuwa hivi, ataibeba redio nje na kuirudisha ndani mpaka azeeke.

Mzee akaacha kutafuna.

Akageuza sikio upande wa mlango. Wimbo ukaisha, ukaanza tena, naye hakutafuna.

"Redio iko wapi?"

"Nje hapo, Baba. Inashika mtandao vizuri zaidi."

"Izime. Halafu simama katikati ya veranda, upige kofi moja."

Latika alibaki amekaa, kijiko kimejaa. Hakuna mtoto wa nyumba ile asiyelijua kofi lile. Mzee hakuwahi kurekodi mahali kabla hajapiga kofi moja na kusikiliza mahali penyewe panajibu nini, na watoto wake walifundishwa kumpigia kofi hilo kabla hawajafundishwa kusoma. Veranda ile ndiyo aliyoipenda kuliko chumba chochote cha kituo cha redio. Alisema sauti ikitupwa pale inakimbia mpaka mwisho, inachelewa, halafu inarudi na mkia. Ndiyo maana alimkalisha mkewe pale. Latika alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na katika mahangaiko yote ya namba na ruta halikumjia kichwani hata mara moja. Alikuwa ameichukua sauti ya veranda nzima akaichezea ndani ya nusu.

Akasimama. Aliwaza kupiga kofi upande wa uani. Aliwaza kutundika mablanketi, kumwambia mzee kwamba amechoka, kwamba masikio nayo yanazeeka. Mbele yake matofali, nyuma yake kitanda. Akapiga, kidogo.

"Kwa nguvu, Latika. Kama ulivyofundishwa."

Akapiga kwa nguvu. Kofi likagonga matofali likarudi papo hapo, kavu, bila mkia.

Mzee hakupiga kelele, wala moyo wake haukufanya lile walilotishwa na daktari. Alipangusa midomo kwa mkono, polepole.

"Matofali," akasema. "Hata lipu hawajapiga." Akamgeuzia Latika uso. "Niko upande wa nani?"

"Wa Nirupam, Baba."

"Na mama yako?"

"Yuko kwa Kaka Prasanta."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Nyuma ya ukuta, kwa Prasanta, miguu ya mtu ilisogea karibu ikasimama. Prasanta naye alifundishwa maana ya kofi lile. Haikuondoka.

"Na wewe," mzee akauliza, "wewe walikupa nini?"

Uongo ulikuwepo tayari, alikwisha kuuzoea, ungetoka wenyewe. Latika alitazama sahani, samaki wa kule na dengu za huku, akachoka.

"Walinipa wewe, Baba."

Mkono wa mzee ukapapasa shuka mpaka ukapata kifundo cha mkono wa Latika, ukakishika. Alikishika sana, hata kikauma. Kisha akamwachia. Akamwambia arudishe wimbo mwanzo, na mlango usifungwe. Latika akawasha redio, akarudi, akaketi sakafuni kati ya kitanda na mlango, sahani mapajani, akisubiri kuambiwa kama ataendelea kula.