Maneno Manne ya Marehemu

Asubuhi ile Wino aliutukana mtandao matusi ambayo mengine ilibidi ayatunge papo hapo, maana ya kawaida yalikuwa yamemwishia.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, kompyuta ya katibu wa zahanati mapajani. Nje, mchora mabango alikuwa juu ya ngazi, amekwisha kuandika juu ya mlango, kwa rangi nyekundu: TIBU KWANZA NDIPO UULIZE. Chini yake ameacha nafasi ya jina, na jina hilo ndilo lililomtoa Wino nyumbani bila kunywa chai. Kamati ilikuwa imepitisha liandikwe la mganga mkuu mstaafu. Wino naye aliapa kwamba maneno ni ya marehemu mkewe, aliyekuwa muuguzi hapo hapo, na kwamba yalitoka gazetini, kwenye barua yake kwa mhariri, miaka ishirini na sita iliyopita.

Gazeti lilikwisha kufa. Nakala ya nyumbani mchwa waliisoma mpaka mwisho. Lakini kuna mtu alizipandisha kurasa za zamani mtandaoni, na jana Wino alipoandika maneno yale manne ndani ya alama za kunukuu, barua ilikuja. Tokeo moja, basi. Akaisoma mara mbili, akajifuta macho, akaifunga.

Hakuihifadhi. Miaka thelathini alikuwa mpanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha chapa, na kwa mpanga herufi kitu kikishachapwa kimechapwa. Huendi kesho yake kuchungulia kama kimehama.

Leo kilikuwa kimehama.

"Hakuna tokeo linalolingana," alisoma katibu, mama mnene mwenye miwani ya kamba. "Haya, mzee wangu."

"Rudia."

Akarudia. Safari hii yakaja matokeo elfu arobaini: tibu chunusi kwanza, tibu mbegu ndipo upande, maswali kumi ya kumuuliza mchumba.

"Nimekwambia maneno haya, kwa mpangilio huu!" Wino aliifokea kompyuta kama anamfokea karani mlevi. "Nimekufungia ndani ya alama! Nani kakuomba mchumba?"

"Labda umri ndio umekuombea," alisema Daktari, yule mganga mkuu mstaafu.

Alikuwa amesimama dirishani, suti ya kijivu, fimbo ya kichwa cha fedha, amejaa kama mwenye nyumba. Wawili hawa hawakuwa wamesalimiana tangu mazishi ya mkewe Wino, na hata siku ile ya mazishi ni mkono tu uliotoka, kinywa kilifungwa.

"Wewe nyamaza, sijakutafuta wewe," Wino alimjibu, akabonyeza tena. Yakaja matatu. Yote yalikuwa tangazo la wiki iliyopita la zahanati yenyewe, na yote yakiyataja maneno yale kama "usemi maarufu wa Daktari wetu".

"Si hayo hapo?" Daktari akatabasamu kwa meno ya kubandika. "Mtandao umesema."

"Mtandao unasema lile ulilouambia juzi!"

"Katibu, mama yangu, mpaka lini? Mtu huyu unamjua. Ndiye aliyetuhadithia kwamba umeme ulikatika akapanga gazeti zima gizani kwa kunusa herufi."

"Kurasa mbili tu," alisema Wino. "Na herufi A ina harufu yake."

Katibu alicheka, na kicheko kile kilimchoma Wino kuliko fimbo. Alijua amejimaliza mwenyewe: amewatilia watu chumvi miaka yote, na leo ana ukweli mtupu, haununuliki.

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu," alisema katibu, "lakini bila karatasi, bila kitu cha kuonyesha, nitaiambia nini kamati?"

"Jamani, rangi yangu inaganda!" mchora mabango alipaza sauti kutoka nje. "Niandike nani?"

"Subiri hapo hapo!" Wino aliifunga kompyuta kwa kishindo, akamgeukia Daktari. "Hiyo barua, wewe hujawahi kuiona?"

"Sijaiona, sijaisikia. Haipo."

"Basi nitakusomea kwa kichwa. Baada ya yale maneno manne mke wangu aliendelea hivi: 'Jumatatu, mkuu wangu wa kazi alimfukuza mlangoni mama mjamzito kwa kukosa barua ya rufaa.'"

Shingo ya Daktari ilivimba juu ya kola. "Mzushi we!"

"Mjamzito wa miezi minane, ameanguka pale kwenye ngazi."

"Mjamzito wapi!" Fimbo ikagonga sakafu. "Miaka yote mnanipakazia! Hakuandika mjamzito, aliandika 'mama mwenye mtoto mgongoni'! Na haikuwa Jumatatu, ilikuwa Alhamisi! Hata kuanguka hakuandika, ni wewe na..."

Hakumalizia. Katibu alivua miwani, akamtazama kwa macho matupu.

"Alhamisi," alisema Wino polepole. "Mtoto mgongoni. Neno kwa neno. Kumbe nilikuwa nahangaika na kompyuta bure." Akanyanyuka, magoti yakilia. "Niliyageuza makusudi. Nilijua ukimwona mtu anakuzidishia kosa utamsahihisha."

"Tapeli mkubwa," Daktari alinong'ona.

"Naam. Lakini maneno si yangu, na si yako. Aliyaandika kwa sababu yako, na siku mbili baadaye ukamhamishia zamu za usiku mwaka mzima. Halafu unataka kuyavaa kama tai?"

Daktari alichukua kofia yake. Mlangoni ilimbidi ainame kupita chini ya ngazi, na hakutazama juu.

"Katibu," mchora mabango akaita, brashi ikidondosha. "Jina?"

Katibu alirudisha miwani yake. "La Sista," alisema. "La muuguzi wetu."

"Majina yake yote matatu," alidakia Wino. "Na uandike taratibu. Ukikosea herufi moja nakupandia hapo hapo juu nikushushe na ngazi yako."